Aliyefungua Mimba

10 Januari

Mwanangu, Mama Mzee,

Nakusalimu, na mume wangu mdogo, mjukuu wangu Mzee, naye nisalimie. Mwambie mke wake mkubwa hajamsahau, ni magoti tu yamekataa safari. Huku tu wazima. Paa la kanisa limezibwa, sasa nikiingia asubuhi kufagia sikuti tena madimbwi katikati ya viti. Funguo bado ninazo mimi, ingawa wanaozimezea mate wapo.

Mwanangu Baba Mzee ameniandikia kwamba Mzee ameacha ziwa. Nilishukuru, halafu nikakaa chini, kwa sababu nilijua siku ya kukuandikia barua hii imefika.

Unakumbuka nilikwambia juu ya nadhiri yangu. Ulikuwa na tumbo la Mzee, tunachambua mchele, ukacheka ukasema, "Tutaona, Mama." Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimemwahidi Bwana, hata mimba hiyo haijaingia, kwamba mtoto wa mwanangu akiachwa aishi, atakuwa wake. Bwana amefanya sehemu yake. Mtoto anaishi, anakimbia, na kwa habari zinazonifikia anawatukana hata majirani.

Mchungaji amefungua nyumba nyuma ya kanisa kwa ajili ya watoto waliotengwa kwa Bwana. Wanalala palepale, wanafundishwa kusoma, kuimba na kuhudumu madhabahuni. Wazazi huja kuwaona mara moja kwa mwaka, ili moyo wa mtoto usigawanyike. Wanapokelewa wakishaacha ziwa tu, kama yule mtoto wa hekaluni ambaye mama yake alikuwa akimshonea kanzu na kumpelekea. Mlango wao nitaufunga na kuufungua mimi. Hatakuwa mikononi mwa wageni.

Mlete kabla mvua hazijaharibu njia. Maandiko hayana kona katika jambo hili: kila kifungua mimba ni wa Bwana. Hatumpi kilicho chetu, tunamrudishia kilicho chake.

Mama yako,
Mama Funguo


24 Januari

Mama, shikamoo.

Nakuandikia mapumziko ya mchana, juu ya meza ya kupigia pasi hapa kwa dobi, kwa hiyo ukiona karatasi imejikunja ujue ni mvuke. Mumeo mdogo yuko chini ya meza, amelala juu ya mashuka ya nyumba ya wageni. Bosi anajifanya hamwoni. Akiamka anapita katikati ya mabeseni mikono nyuma kama mkaguzi, na jana alimkuta bosi amekaa akamwambia, "Fanya kazi." Wafuaji wote walicheka mpaka bosi naye akasimama.

Mama, wewe ndiye uliyesema mimi na wewe ni wake wenza. Sasa mke mkubwa akichukua mume mzima, mdogo anabaki na nini?

Natania kwa sababu naogopa. Barua yako niliisoma nikaikunja, nikazipiga pasi foronya zangu zote, nikaifungua tena kuona kama maneno ni yaleyale.

Naomba nikuulize. Mimi si msomaji, shule yangu unaijua iliishia wapi. Lakini jioni nikishamlaza nimekuwa nafungua Biblia natafuta. Pale ulipopataja nimepaona, na ni kweli: kila kifungua mimba ni wangu, anasema. Nikafunua kurasa za mbele nikakuta anasema amewachukua Walawi badala ya vifungua mimba wote. Badala yao, Mama. Tena nikakuta kwamba mtoto wa kwanza wa mtu sharti akombolewe, yaani arudi nyumbani kwa wazazi wake. Na mlimani alikwisha kuwaambia watu wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba wao ni taifa takatifu. Halafu katika barua za mtume nimesoma kwamba mzazi mmoja akiamini, watoto wao ni watakatifu tayari. Hata wanaolala juu ya mashuka machafu, hilo nimeongeza mimi.

Sasa aliyetengwa ni nani? Mtoto wa kwanza, au kabila moja, au sote? Sishindani nawe. Nauliza kama mtu aliyepotea njia anavyomuuliza aliyezaliwa mtaa huo.

Na kama nadhiri haiwezi kufutwa, haiwezi kungoja? Mungu akinijalia mwingine tutazungumza juu ya huyo. Huyu ameshanizoea. Bila kushika sikio langu halali.

Mwanao,
Mama Mzee


7 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba unasoma. Ila Neno halijipingi, anayejipinga ni msomaji mwenye usingizi.

Nilimpelekea mchungaji maswali yako. Amesema Walawi walisimama badala ya watoto wa siku zile, kichwa kwa kichwa. Kabila limetawanyika, lakini dai la kwanza liko palepale. Kuhusu kukombolewa, sheria inamkomboa mtoto, haiukomboi mdomo ulioweka nadhiri. Yule mama wa mtoto wa hekaluni, aliyekuwa tasa, hakulazimishwa na mtu. Alisema mwenyewe, na aliposema ikawa imekwisha. Mimi nami nilisema.

Kuhusu huyo wa pili unayetaka kunipa, usinipe. Soma taratibu. Haikuandikwa mtoto tutakayekubaliana. Haikuandikwa hata mwana wa kwanza wa baba. Imeandikwa afunguaye tumbo. Kinachotazamwa ni tumbo la mama, na nani alilifungua. Wanaofuata, hata wawe kumi, wanapita katika mlango uliokwisha kufunguliwa. Mimi ni mtu wa funguo, najua tofauti ya anayefungua na anayepita.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikutaka kuliweka kwenye karatasi. Unadhani naringia imani. Mwanangu, mimi naogopa kuliko wewe. Nadhiri isiyotimizwa hailali. Mwaka jana Mzee alipopata degedege ukanitumia salamu kwamba macho yamegeuka, wewe uliona homa. Mimi nilijua nani anabisha hodi. Nilipiga magoti sakafuni nikasema, Bwana, nipe muda aache ziwa tu. Akanipa. Nikinyamaza tena, atabisha mara ya pili, na mara hiyo hatangoja afunguliwe.

Afadhali umwone mara moja kwa mwaka kuliko usimwone.

Mama yako,
Mama Funguo


15 Februari

Mke wangu,

Habari za huko? Mimi mzima, macho tu yanawasha. Tunachomelea vyuma vya daraja juu kabisa, na kofia za kujikinga hazitoshi, tunapokezana. Ukinitazama sasa utasema nimetoka kulia msibani.

Mama ananiandikia kuliko wewe. Anasema unamhoji Maandiko kama karani wa mahakama. Mama Mzee, yule ni mama yangu, hana mwingine isipokuwa mimi, na mimi sina pa kujificha. Amekuwa akiota ndoto mbaya juu ya mtoto. Wewe unaweza kusema ni ndoto. Mimi niko huku juu, chini yangu kuna maji, na mtu akiota juu yangu au juu ya mwanangu sipendi kubishana naye.

Nimeomba ruhusa. Mwisho wa Machi nitapita hapo nimchukue Mzee, nimpeleke mwenyewe, wewe usisumbuke na safari. Mtilie nguo zake kwenye lile begi la bluu. Usilie sana mbele yake.

Sisi bado vijana. Tutapata wengine.

Mumeo,
Baba Mzee


22 Februari

Baba Mzee,

Pole kwa macho. Chovya kitambaa kwenye maji baridi uyafunike ukilala, usiyasugue.

Umeandika tutapata wengine. Hata mwaka ule uliniandikia hivyohivyo, maneno yaleyale, nadhani umesahau. Ulikuwa kwenye daraja lile jingine. Barua yako ilinikuta nyumbani kwa mama yako, nimejifunga kitambaa kifuani ili maziwa yakauke. Nilikusamehe kwa sababu hukuona. Sasa sina hakika kama mtu anasamehewa mara mbili kwa kutoona.

Begi la bluu zipu yake imekufa, na siitengenezi.

Njoo. Nitakupikia, nitakupigia mashati pasi mpaka ujione waziri. Lakini ukimshika mtoto mkono kwa safari hiyo, utanikuta nimekaa mlangoni, na unanijua nikishakaa. Hujawahi kuniona nikimpinga mama yako. Ndiyo maana nakwambia mapema, usije ukadhani nimerogwa.

Leo hii namwandikia mwenyewe. Usimtangulie.

Mkeo,
Mama Mzee


22 Februari

Mama, shikamoo.

Nimesoma jibu lako mpaka nimelikariri. Nakubali, Maandiko unayajua kuliko mimi, na mchungaji anayajua kuliko sisi sote. Kama ni afunguaye tumbo, basi ni afunguaye tumbo.

Lakini Mama, umekosea mtoto. Aliyenifungua mimi si Mzee.

Unajua hivyo kwa sababu ulikuwepo. Nilikuja kwako na mimba ya miezi saba kwa kuwa mwanao alikuwa kazini mbali. Uchungu ulinianza asubuhi, mto umefurika, hakuna gari, hakuna mkunga, na mchana ukampokea wewe kwa mikono yako. Mimi nilizimia. Fahamu zilipokuja ulikuwa umeshamfunga kwenye shuka. Ukaniambia ametoka ameshakufa. Ukasema nisimtazame, macho yangu yatabeba huzuni mpaka kwa mtoto atakayefuata. Nikakutii. Ukasema tusimtaje, nikakutii. Hata mtu akiniuliza nina watoto wangapi nasema mmoja.

Watu huitwa kwa kifungua mimba wao. Mimi naitwa Mama Mzee. Yaani naitwa kwa mtoto wangu wa pili, na wa kwanza hana hata jina la kumpa mama yake.

Sikuandikii nikulaumu. Ulinikanda kwa maji ya moto, ulinilisha uji kwa mkono wako, ulinifulia vitu ambavyo mtu hamfulii hata dada yake. Mama yangu mzazi asingeweza kuzidi hapo. Na kwa sababu hiyo naweza kukwambia wazi bila kukuvunjia heshima: Bwana ana wake. Alimchukua kabla sijamwona uso. Kama sheria ni ya aliyefungua, sheria imeshatimia nyumbani kwangu, na asije tena kudai aliyepita katika mlango.

Mzee anakusalimu. Anasema mke wake mkubwa alete pipi.

Mwanao


6 Machi

Mama Mzee,

Umenitonesha kidonda. Kuna mambo yakishazikwa hayafukuliwi ili kushinda mabishano.

Yule hahesabiwi. Usidhani nasema kwa ukatili, nasema kwa Maandiko. Walipohesabiwa wazaliwa wa kwanza jangwani, walihesabiwa wa mwezi mmoja na kuendelea. Wa chini ya hapo hakuandikwa. Tena imeandikwa kwamba kilicho na kasoro hakisogezwi madhabahuni, iwe mwanakondoo, iwe mtu. Na yule alikuwa bado hajaiva. Ngozi yake ukiishika unaogopa itabaki mkononi. Unataka niende mbele za Bwana niseme chukua hicho, tumemalizana?

Hakulia. Hakuwa na kucha za kutosha. Hakuja kukaa yule, alikuwa mpita njia. Hata kijiko cha maji nilipompelekea mdomoni aligeuza uso. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema amefungua kitu. Alipenya tu kwenye ufa akarudi alikotoka. Aliyefungua ni Mzee, kwa kichwa chake kikubwa na kelele zake, wewe mwenyewe ulipiga ukunga mpaka mtaa wa tatu.

Mchungaji ameshatandika kitanda. Kiko chini ya dirisha, nimechagua mimi. Mwanangu atakuja mwisho wa mwezi. Mwandae mtoto, umwambie anakwenda kwa mke wake, atafurahi.

Na yule usinitajie tena.

Mama Funguo


11 Machi

Mama,

Umeandika aligeuza uso.

Nilisoma nikiwa na pasi mkononi. Nikaisahau juu ya foronya ikaungua mpaka mezani. Bosi alikuja mbio kunigombeza, akaniona, akaichomoa pasi kwenye umeme akaondoka.

Nimejaribu kuisoma kwa njia nyingine. Labda ni namna ya kusema tu. Lakini maiti haigeuzi uso, Mama. Maiti haipelekewi maji kwa kijiko. Wewe unaosha maiti za kanisa zima, hujawahi kumpelekea hata mmoja kijiko.

Alikuwa hai.

Siulizi kwa nini hukuniambia. Nadhani najua. Uliona nisipojua nitapona haraka, na kweli nilipona haraka, watu wote wakanisifu jinsi nilivyojikaza. Sikujikaza. Sikuwa na kitu cha kushika ili nijikaze.

Na nadhiri sasa nimeielewa. Hukuiweka kwa ajili ya Mzee. Mzee alikuwa hajatungwa. Mtu hamwombei aachwe aishi ambaye hata tumboni hajaingia. Uliiweka ukiwa umemshika yule, naye akafa, na tangu hapo umekuwa ukitembea na ahadi isiyo na mtu, ukatafuta wa kumvalisha. Ukamkuta mwanangu.

Mwanao akifika nitampa barua yako aisome, na atakwenda kwako bila mtoto. Hilo limekwisha, sitalirudia, na sitalijibu tena kwa aya yoyote.

Nimebaki na swali moja tu, nalo si la Maandiko. Kitanda changu kilikuwa kimeegemea ukuta wa jikoni. Chumba ni kile kidogo, cha dirisha moja. Wewe ulikuwa umesimama mahali fulani umemshika.

Aligeuzia uso upande gani?

Kama hutajibu hilo usinijibu kitu kingine.

Mwanao


2 Aprili

Mke wangu,

Nimefika kwa mama, nimefika peke yangu. Hakuuliza mtoto yuko wapi. Alinifungulia, akanitazama mikono, akarudi jikoni.

Kanisa halikufagiliwa Jumapili. Mchungaji alikuja mwenyewe kugonga, mama akampa funguo dirishani kama mtu anayempa jirani kiberiti. Nilimuuliza ugonjwa wake ni nini, akasema ni barua, anaandika na kuchana. Sakafu ya jikoni imejaa vipande vya karatasi. Sijavisoma. Nimevikusanya nikawashia moto, maji ya chai.

Ulipokuwa unanipa ile barua yake niliisoma palepale mbele yako, nikaikunja nikakurudishia, ukadhani sikuelewa. Nilielewa nikiwa njiani. Abiria wa pembeni aliniuliza nina watoto wangapi, tunapiga tu soga. Nikasema wawili. Akaniuliza wana umri gani. Nikashuka kabla ya kituo changu.

Nilikwambia usilie sana mbele ya mtoto. Nilikuwa mjinga. Lia.

Nasubiri amalize hiyo barua niipeleke posta mwenyewe, kisha narudi kazini nikipitia kwako. Safari hii nitakaa kidogo, wakitaka kunifukuza wanifukuze.

Mumeo


9 Aprili

Mwanangu,

Sijui kama bado nina haki ya shikamoo yako, kwa hiyo naanza mimi. Hujambo.

Kitanda kile nimemwambia mchungaji akivunje au ampe mwingine. Alitaka kunieleza habari ya nadhiri, akafungua kitabu. Nikamwambia asisumbuke. Nimekisoma kitabu hicho kabla yeye hajaota ndevu. Imeandikwa mwenye kasoro asisogee. Mahali pengine imeandikwa wale waliofungiwa nje watapewa nafasi ndani ya kuta, na jina jema kuliko la wana. Kote kumeandikwa. Miaka yote hiyo mimi niliushika ule mstari unaotisha, nikadhani kwa sababu unatisha ndio wa kweli zaidi. Nilidhani Bwana amemkataa yule kwa kuwa hajaiva, na bado ananidai aliyekamilika. Haikunijia kabisa kwamba huenda alimpokea.

Mzee abaki kwako. Wala si kwa sababu umenishinda. Hata ungenyamaza, nisingeweza tena kufunga mlango wa nyumba ile kwa mkono huu.

Sasa nakujibu.

Nilikuwa nimesimama dirishani kutafuta mwanga, maana nje mvua ilikuwa nyeusi. Wewe ulikuwa kulia kwangu, kitandani, umefumba macho. Kijiko nilikishika upande wa dirisha. Akageuza uso kulia kwangu.

Nimejiambia mara nyingi alikuwa anakataa maji. Nilikuandikia hivyo, na wakati naandika niliamini. Lakini mimi nimenyonyesha. Kila mwanamke anajua mtoto akigeuza uso na kufungua mdomo anatafuta nini. Nililijua hata siku ile. Ulikuwa umezimia, lakini kifua chako kilikuwa pale, kinapumua, kina joto. Ningemlaza tu. Hakuhitaji nguvu ya kunyonya, alihitaji kulazwa.

Sikumlaza, kwa sababu nilikuwa naomba. Nilishaanza kumwahidi Bwana, na niliona si vizuri kukatiza. Nilikuwa namtenga, mwanangu. Hilo ndilo neno lake. Nilimwinua juu kwa mikono yote miwili, kama tunavyoinua sadaka, nikasema Bwana mwache huyu, ni wako, nikalisema mara nyingi ili asikie, macho yangu yako darini.

Nilipomshusha alikuwa ametulia.

Mama Funguo